Sarafu Moja, Madaraja Mawili

  Leo tutazungumza habari za sarafu. Lakini hatutazungumza habari za kuzitumia. Tutazungumza habari za watu wanaozipima na kuzipa madaraja, na jinsi walivyoshindwa kupatana kwa miaka mingi.

Kabla hatujaanza, toa sarafu moja mfukoni mwako. Iweke juu ya meza uitazame vizuri. Je, sura iliyochorwa juu yake ingali ikionekana wazi? Je, maandishi yake yamelika? Je, ina mikwaruzo? Sasa mwombe jirani yako naye aitazame, kisha kila mmoja aseme ni nzuri kiasi gani. Yamkini hamtasema neno moja. Basi hapo ndipo somo letu linapoanza.

Dukani tofauti hiyo si kitu. Sarafu iliyochakaa na sarafu mpya hununua kiberiti kile kile. Lakini wako watu duniani wanaokusanya sarafu za kale, kama wengine wanavyokusanya stempu. Kwa hao, sarafu mbili za mwaka mmoja, zilizotoka katika kiwanda kimoja, zaweza kuwa na bei zilizo mbali kama mbingu na ardhi. Moja ilipita mikononi mwa maelfu ya watu ikalika. Nyingine iliwekwa kabatini siku ile ile iliyotoka kiwandani, na mpaka leo inang'aa. Ya pili huuzwa kwa bei kubwa zaidi, labda mara kumi, labda mara mia.

Mkulima wa pamba analijua jambo hili bila kufundishwa. Pamba yake hutengwa mafungu mawili, safi na fifi, na bei ya fifi ni ndogo. Mkulima amepalilia, amechuma, ameanika. Lakini neno moja la mtu aliyesimama penye mizani, "safi" au "fifi", ndilo linaloamua atarudi nyumbani na fedha ngapi. Basi swali la leo ni hili: mtu yule asemaye neno hilo ni nani? Naye anapimwa na nani?

MUUZAJI ALIPOKUWA MPIMAJI

Twende Marekani, kwa maana huko ndiko biashara hii ilikokua sana. Mwaka 1891 wakusanyaji wa sarafu wa nchi hiyo waliunda chama chao, American Numismatic Association. Sisi tutakiita "Chama" katika somo hili, ili tusichoshane na jina refu.

Siku zile hapakuwa na kipimo. Muuzaji aliandika katika orodha yake maneno kama "nzuri", "nzuri sana", "safi kabisa", "johari". Kila muuzaji alikuwa na maneno yake. Sarafu aliyoiita mmoja "nzuri sana", mwenziwe aliiita "nzuri" tu. Tena muuzaji yule yule, alipokuwa akinunua sarafu kwa mjane wa mkusanyaji, aliiona ina kasoro nyingi. Kesho yake alipoiuza, kasoro zote zilikuwa zimetoweka. Wahenga walisema: mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake.

KIPIMO CHA SHELDON

Mwaka 1949 daktari mmoja mtaalamu wa elimu ya nafsi, jina lake William Sheldon, alitoa kitabu juu ya senti kubwa za shaba za Marekani za miaka 1793 hadi 1814. Ndani ya kitabu hicho alileta wazo jipya. Alisema, tuache maneno, tutumie namba. Sarafu iliyolika kabisa, ambayo jina lake linatambulika kwa taabu, apewe 1. Sarafu isiyo na kasoro hata moja apewe 70. Nyingine zote zipangwe katikati.

Utauliza, kwa nini 70, isiwe 100? Jibu lake ni la sokoni. Sheldon aliona ya kwamba katika senti za namna fulani za mwaka 1794, iliyo mbaya kabisa iliuzwa kwa dola 1, na iliyo bora kabisa iliuzwa kwa dola 70 hivi. Basi namba yake haikuwa kipimo cha uzuri tu. Ilikuwa pia hesabu ya bei. Sarafu ya namba 20 ilitazamiwa iuzwe kwa bei mara 20 ya ile ya namba 1.

Hesabu hiyo haikudumu. Baada ya miaka michache tu bei zilibadilika, na zile za juu zikapanda kuliko za chini. Lakini namba zenyewe zilibaki. Mpaka leo sarafu za Marekani hupimwa toka 1 hadi 70. Namba za 60 hadi 70 ni za sarafu zisizopata kutumika sokoni. Chini ya 60 ni zile zilizopita mikononi mwa watu.

Ndugu msikilizaji, hapa kuna jambo la kuhuzunisha, na historia haitupi ruhusa ya kulificha. Sheldon alifariki mwaka 1977. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha ya kwamba alichukua senti bora katika hazina ya jumuiya ya American Numismatic Society ya New York, akaacha mahali pake senti zake zilizo duni. Walijua kwa kulinganisha senti zilizokuwapo na picha za zamani. Mtu aliyewapa wenziwe kipimo, yeye mwenyewe hakupima kwa haki. Kikulacho ki nguoni mwako.

Lakini tusitupe mizani kwa sababu aliyeichonga alikuwa na kosa. Kipimo kilikuwa na manufaa, na wengine walikichukua wakaenda nacho.

CHAMA CHAINGIA KAZINI

Mwaka 1972 Chama kilifungua ofisi ya kuchunguza sarafu, iitwayo kwa kifupi ANACS. Kazi yake ya kwanza ilikuwa moja tu: kusema kama sarafu ni halali au ya kughushi. Watu walituma sarafu zao kwa posta, zikachunguzwa, zikarudishwa na cheti chenye picha.

Mwaka 1977 Chama kilitoa kitabu cha kueleza madaraja, ili wote wasome maneno mamoja. Na kuanzia mwaka 1979 ANACS ikaanza kuandika daraja katika cheti. Ilitoa madaraja mawili kwa kila sarafu, moja la upande wa mbele na moja la upande wa nyuma. Sarafu ingeweza kuandikwa 65 mbele na 63 nyuma.

Ulikuwa wakati wa joto. Mwezi wa Januari 1980 dhahabu ilifika dola 850 kwa wakia moja, na fedha ikakaribia dola 50. Watu wasiopata kukusanya hata sarafu moja waliingia sokoni wakitafuta faida. Kisha bei zikaanguka. Hapo wafanyabiashara wakawa wakali. Sarafu waliyokuwa wakiikubali kwa 65 bei zilipokuwa juu, sasa walisema ni 63 tu. Sarafu haikubadilika hata kidogo. Cheti nacho kilisema vile vile 65. Kilichobadilika ni jicho la sokoni.

Fikiri basi habari ya mzee mmoja aliyetoa akiba yake ya uzeeni akanunua sarafu yenye cheti cha 65, bei ya 65. Anapeleka kuuza, anaambiwa, "Mzee, cheti chako ni cha zamani. Siku hizi hii ni 63." Hakuibiwa na mtu. Lakini fedha zake hazipo.

Tena cheti kile kilikuwa na udhaifu mwingine. Kilikuwa karatasi, na sarafu ilikuwa mbali nayo. Mtu mdanganyifu aliweza kuuza sarafu mbaya pamoja na cheti cha sarafu nzuri, kama mnunuzi hakuitazama picha kwa makini.

KIJISANDUKU CHA PLASTIKI

Mwaka 1985 wafanyabiashara saba, akiwamo David Hall wa California, waliunda kampuni iitwayo Professional Coin Grading Service, yaani PCGS. Ilianza kazi mwezi wa Februari 1986. Ilileta mambo matatu.

La kwanza, sarafu ilitazamwa na wapimaji zaidi ya mmoja, kila mmoja peke yake, bila kujua ni ya nani. La pili, sarafu ilifungwa ndani ya kijisanduku kigumu cha plastiki, pamoja na karatasi ndogo yenye daraja lake. Kijisanduku huzibwa kwa mtikisiko wa mawimbi ya sauti, na huwezi kukifungua bila kukivunja. Basi sarafu na cheti havikuachana tena. La tatu, kampuni ilitoa dhamana: ikiwa daraja lilizidishwa kwa kosa la wapimaji, kampuni italipa hasara.

Mwaka 1987 ikaanzishwa kampuni ya pili, NGC, huko New Jersey; siku hizi ofisi yake iko Florida. Mwanzilishi wake alikuwa John Albanese. Kampuni hii iliweka sharti kwamba wapimaji wake wasifanye biashara ya sarafu. Maana yake ni wazi: mtu asipime mzigo ambao kesho ataununua yeye mwenyewe. ANACS nayo iliuzwa na Chama mwaka 1990 ikawa ya watu binafsi, na mwaka 1998 ikatokea ICG. Hivyo soko likawa na wapimaji wengi, wote wakitumia namba zile zile, 1 hadi 70.

Sasa sikiliza vizuri. Namba ni zile zile, lakini je, maana ni ile ile?

TOFAUTI ZAO NI ZIPI?

Chukua mfano wa pishi. Wafanyabiashara wawili wote wauza mchele kwa pishi. Mmoja hujaza mpaka kilemba kikasimama juu. Mwingine hupangusa kwa kiganja. Wote wamesema "pishi moja". Vivyo hivyo katika sarafu.

Tofauti ya kwanza ni hii: unapima nini? ANACS ya siku za mwanzo ilitazama zaidi hali ya uso wa sarafu: imelika kiasi gani, ina mikwaruzo mingapi. Kampuni zilizofuata zilitazama pia mng'aro wake, nguvu ya pigo la chapa kiwandani, na jinsi inavyopendeza machoni. Zikajiuliza, "Mnunuzi aliyezoea angelipa bei ya daraja gani?" Njia ya kwanza hupima chuma. Njia ya pili hupima chuma pamoja na soko. Hata mtu mwaminifu akizitumia zote mbili, huenda akapata namba mbili.

Tofauti ya pili ni ya rangi. Fedha ikikaa miaka mingi hubadilika rangi, ikawa ya buluu, ya dhahabu, au nyeusi. Mpimaji mmoja huona ni pambo. Mwingine huona ni kutu iliyoanza.

Tofauti ya tatu ni ya sarafu zilizosuguliwa. Mtu asiyejua husugua sarafu ya kale kwa majivu au dawa ili ing'ae, naye anaiharibu. PCGS na NGC za mwanzo zilizirudisha sarafu hizo bila daraja. ANACS ilikubali kuzifunga, ikieleza kasoro na kushusha daraja. Baadaye zile kampuni mbili nazo zilikubali kuzifunga, lakini hutaja kasoro, bila kutoa namba.

Tofauti ya nne ndiyo ngumu kuliko zote. Ni ile ya mpaka wa 58 na 60, baina ya sarafu iliyotumika kidogo sana na isiyotumika kabisa. Katika sehemu zilizoinuka, kama shavu la sura au ncha ya bawa la tai, huonekana ufifi mdogo. Je, ni dalili ya mikono ya watu? Au sarafu ilisuguana tu na wenzake ndani ya mfuko wa benki? Mkali husema imetumika. Mpole husema haikutumika. Na kwa mwenye mali, neno hilo moja laweza kuwa maelfu ya dola.

KUVUNJA NA KUTUMA TENA

Wafanyabiashara wenye akili waliona mlango hapo. Mtu alinunua sarafu ya 64 aliyoiona imekaribia 65. Alivunja kijisanduku, akaituma tena. Ikirudi 64, amepoteza ada tu. Ikirudi 65, amepata faida kubwa bila kufanya kazi. Isipofaulu kwa kampuni hii, aliijaribu kwa nyingine.

Tazama matokeo yake. Sarafu zinazopanda hubaki katika daraja la juu. Sarafu zisizopanda hutumwa tena na tena, mpaka siku moja mpimaji amechoka, au amekuwa mpole, nazo zikapanda. Hakuna mtu anayevunja kijisanduku ili sarafu yake ishuke. Basi polepole, mwaka baada ya mwaka, madaraja huelekea juu tu. Wakusanyaji wengi waliligundua jambo hilo wenyewe. Ndiyo sababu vijisanduku vya zamani vya miaka ya 1980 hutafutwa sana siku hizi, kwa kuwa husemwa vilipimwa kwa ukali zaidi.

Tusiseme ya kwamba wapimaji ni wezi. La. Lakini kampuni inalipwa na yule anayeleta sarafu, na anayeleta sarafu hupenda kampuni inayompa namba kubwa. Tena ikilegea mno, wanunuzi hawataiamini, na namba zake hazitanunuliwa. Hivyo huvutwa pande mbili. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Lakini akizidisha maji, wanywaji huhama.

SERIKALI NA GAZETI

Baada ya vijisanduku kuenea, watu wa mitaji walisema, "Sasa hatuhitaji kujua sarafu. Tutanunua namba." Bei zilipanda mpaka 1989, kisha zikaanguka vibaya. Mwaka 1990 idara ya serikali ya Marekani inayolinda wanunuzi, Federal Trade Commission, iliishitaki PCGS. Ilidai kwamba matangazo ya kampuni yaliwafanya watu waamini kuwa upimaji wake haubadiliki na hauna maoni ya mtu ndani yake. Shauri likaisha kwa mapatano, na kampuni ikakubali kueleza kwamba kupima daraja ni maoni. Mwaka ule ule kampuni ilijaribu mashine ya kompyuta ipime sarafu badala ya macho, lakini jaribio hilo liliachwa.

Kisha mwaka 2003 gazeti la wakusanyaji liitwalo Coin World lilifanya jambo la maana sana, ambalo hata wewe ungeweza kulifanya. Lilichukua sarafu zile zile, likazituma kwa kampuni mbalimbali, moja baada ya nyingine, kwa muda wa mwaka mzima. Matokeo? Hakuna hata sarafu moja ambayo kampuni zote zilipatana juu ya daraja lake. Na mara nyingine tofauti ilifika namba 7.

Ndugu msikilizaji, hesabu: baina ya 60 na 70 kuna hatua kumi tu. Namba 7 si tofauti ya jicho tu. Ni tofauti ya pishi.

Mwaka 2007 yule yule John Albanese alianzisha kampuni nyingine, CAC. Hii ilikuwa mpimaji wa wapimaji. Ulileta sarafu iliyokwisha kufungwa na PCGS au NGC. Ikiwa inastahili daraja lake barabara, walibandika alama ya kijani. Ikiwa inastahili daraja la juu zaidi, walibandika alama ya dhahabu. Isipostahili, walirudisha bila alama. Wanunuzi wakaanza kulipa zaidi kwa sarafu zenye alama. Tazama ajabu hii: 65 yenye kijani na 65 isiyo na kijani, namba moja, bei mbili. Na mwaka 2023 watu wa CAC wakafungua kampuni yao wenyewe ya kupima na kufunga, huko Virginia. Mpimaji wa wapimaji akawa mpimaji.

SENTI TANO YA KABATINI

Sasa nitawasimulia kisa kimoja cha kweli.

Zipo senti tano za Marekani za mwaka 1913 zenye kichwa cha mwanamke aitwaye Uhuru. Mwaka huo sura ya senti tano ilikuwa imebadilishwa ikawa ya nyati, basi hizi hazikutakiwa ziwepo. Zajulikana tano tu duniani. Moja ilikuwa ya George Walton. Mwaka 1962 alikuwa njiani kwenda kwenye maonyesho ya sarafu huko North Carolina, akafa katika ajali ya gari. Jamaa zake walipopeleka sarafu zake zichunguzwe ziuzwe, waliambiwa ya kwamba hii ya 1913 ni ya kughushi, tarehe yake imechezewa.

Dada yake hakuitupa. Aliiweka katika bahasha, kabatini, na huko ikakaa miaka 40 hivi. Yeye alifariki kabla ya kujua mwisho wake. Mwezi wa Julai 2003 jamaa waliipeleka Baltimore, ambako zile nne nyingine zilikuwa zimekusanywa. Wataalamu sita walikaa usiku, wakaziweka pamoja, wakazilinganisha moja moja. Wote wakasema: ni halali. Mwaka 2013 iliuzwa mnadani kwa dola 3,172,500, ikiwa katika kijisanduku cha PCGS chenye daraja la 63. Mwaka 2018 nyingine katika zile tano, yenye daraja la 66, iliuzwa kwa dola 4,560,000.

Ni kweli miaka ya minada hiyo haikuwa mmoja, na sifa za sarafu hizo si sawa. Lakini ona uzito wa neno la mpimaji. Neno moja la 1962 liliifanya mali kuwa takataka kwa miaka 40. Neno jingine la 2003 liliirudisha. Na ona tena ni kitu gani kilichoondoa shaka. Si sauti kubwa, wala cheo cha msemaji. Ni kuziweka zote tano kando kwa kando, mbele ya macho ya wataalamu sita, zikalinganishwa.

NA SISI JE?

Pengine utasema, "Mwalimu, haya ni mambo ya Marekani. Yananihusu nini?"

Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya kwanza, Wajerumani waliokuwa wakitawala Tanganyika walikatiwa njia ya bahari, wakaishiwa na fedha. Wakapiga sarafu katika karakana ya reli ya Tabora. Miongoni mwake ilikuwamo sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo na mlima nyuma yake. Zilipigwa kama 16,000 tu. Leo sarafu hizo za Tabora huuzwa minadani Ulaya na Marekani, zikiwa ndani ya vijisanduku vya PCGS na NGC, zina namba toka kipimo cha Sheldon. Mpimaji wa Florida au California ndiye anayesema tembo wa Tabora ni wa 58 au wa 62. Naye inampasa ajue kama ufifi wa picha umetokana na kutumika, au umetokana na pigo la chapa katika karakana ile ya vitani.

Basi ukikuta sarafu ya kale katika sanduku la babu yako, kumbuka maneno haya. Usiisugue, hata kama ni nyeusi. Ishike ukingoni, usiguse uso wake. Usimwuzie mtu wa kwanza anayesema haina thamani, wala usimwamini wa kwanza anayesema ni utajiri. Uliza watu wawili au watatu wasiojuana, na wasiotaka kuinunua. Na ukiuziwa sarafu iliyofungwa, ikague na kijisanduku chake, kwa maana hata vijisanduku vyenyewe wadanganyifu wamevighushi.

Lakini somo kubwa si la sarafu. Kila siku mtu fulani anakupimia kitu: pamba yako, kahawa yako, karafuu yako, hata karatasi ya mtihani ya mtoto wako. Namba ikishaandikwa, sote twaiona kama imeshuka toka mbinguni. Haikushuka. Iliandikwa na mtu mwenye macho mawili, siku moja, chini ya taa moja, akilipwa na mtu fulani. Hii si sababu ya kukataa vipimo. Bila kipimo mwenye nguvu ndiye anayesema bei. Ni sababu ya kujifunza kupima wewe mwenyewe. Anayejua kusoma mizani hupunjwa mara chache kuliko asiyejua.

Wakusanyaji wa sarafu wana neno lao: nunua sarafu, usinunue kijisanduku. Nasi tuseme: heshimu cheti, lakini tazama kitu.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini Sheldon alichagua namba 70? Je, hesabu yake ya bei ilidumu?

2. Kijisanduku cha plastiki kiliondoa udhaifu gani wa cheti cha karatasi? Ni udhaifu gani ambao hakikuweza kuuondoa?

3. Eleza kwa maneno yako kwa nini kuvunja na kutuma tena hufanya madaraja yapande.

4. Je, mpimaji alipwe na nani ili awe wa haki: muuzaji, mnunuzi, au mtu wa tatu? Toeni mfano wa mazao ya mahali penu.

5. Kazi ya mikono: Chagueni sarafu kumi. Kila mwanafunzi azipange peke yake toka iliyo mbaya mpaka iliyo bora, bila kuonyeshana. Kisha linganisheni orodha zenu. Mlitofautiana wapi, na kwa sababu gani?